Maswali yenu kuhusu Bagamoyo: wapagazi, masheikh na nyumba za mawe

Toleo lililopita tuligusia Bagamoyo kidogo tu, kile kimji chetu cha pwani kaskazini ya Dar, na meseji zikaja nyingi mpaka tumeona safu nzima ya leo iwe ya Bagamoyo. Nimechukua yale ambayo wengi mmeuliza, zingine nimezifupisha na majina nimeyatoa kama kawaida yetu.

Shikamoo shangazi. Mimi nipo fomu thrii hapa Kibaha. Darasani tumesoma Bagamoyo ilikuwa bandari ya kusafirishia watumwa, sasa babu yangu ambae asili yake Tabora anasema wazee wake walikuwa wanaenda Bagamoyo kwa hiari yao kutafuta kazi na wanarudi na nguo. Nani yuko sawa?

Marahaba mwanangu. Wote wawili wana ukweli, ila babu yako ameshika kitu ambacho vitabu vingi vinakipita haraka haraka, na mimi hili linaniuma kila nikisikia watalii wanapewa maelezo pale mjini.

Katika miaka ya 1800 mali kubwa ya Bagamoyo ilikuwa pembe za ndovu. Zilikuwa zinatakiwa India kwa bangili, Ulaya na Marekani kwa vibao vya piano na mipira ya biliadi, bei ikawa inapanda tu. Njia ilikuwa inatoka Bagamoyo inapita Ugogo mpaka Tabora, kutoka Tabora inaenda Ujiji, na wengine wanavuka ziwa wanaingia Kongo kabisa. Sasa jiulize, nani alikuwa anabeba? Punda na ng'ombe wanakufa njiani kwa mbung'o, barabara ya mkokoteni hakuna, kwaiyo kila kitu ni mgongo wa mtu, na wengi wa watu hao walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, watu huru waliofanya kazi ya kulipwa, tena Wanyamwezi walishaanza kuleta pembe pwani kwa misafara yao wenyewe kabla wafanyabiashara wa pwani hawajajazana huko bara.

Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na juu ya hapo ana mkeka wake, chungu chake, chakula chake na silaha yake. Mbele anatangulia kirongozi, yaani kiongozi wa msafara, na bendera na ngoma. Kufika Tabora ni miezi miwili mitatu ukijaliwa, njiani kuna ndui, kuna kiu ya Ugogo, kuna hongo, yaani ushuru wa kupita, ya kulipa kwa kila mtemi. Malipo yalikuwa nguo, merikani (kitambaa cheupe cha pamba) na kaniki (cheusi), na hiyo ndo nguo anayoisema babu yako. Na walikuwa wanajua thamani yao, wakiona mwenye msafara anawapunja posho wanaweka mizigo chini wanagoma, au usiku wanaondoka, na wakati wa kulima ukikaribia wengi wanataka kuwa kwao, kwaiyo mfanyabiashara akichelewa kuondoka pwani anakosa watu. Msimu wa misafara mji ulikuwa unafurika wapagazi kwa maelfu, wanapiga kambi, wanacheza ngoma zao, wanaoa, wengine wanabaki moja kwa moja. Ukipita Bagamoyo leo ukauliza koo za watu utakutana na Wanyamwezi, Wamanyema, Wazaramo, Wadoe, Wakwere, Washomvi, Wahindi, Waarabu, wote ni watu wa Bagamoyo.

Lakini usitoke hapa ukaandika kwenye mtihani kwamba watumwa hawakuwepo. Walikuwepo. Watu walitekwa bara, wakaletwa pwani na kamba shingoni, wengine wakavushwa Unguja na wengine wakabaki hapa hapa kulima mashamba ya minazi na mtama ya matajiri. Kilwa ndo iliyopitisha watumwa wengi zaidi upande wetu huu, Bagamoyo ilikuwa zaidi ya pembe, ila uchungu wa mtu mmoja aliyeuzwa haupungui kwa sababu bandari ya pili iliuza wengi. Mwaka 1873 Sultan Barghash alibanwa na Waingereza akasaini mkataba wa kukataza kusafirisha watumwa baharini, soko la Unguja likafungwa, biashara ikaendelea kwa kificho, na utumwa wenyewe kisheria huku Tanganyika ulikuja kufutwa mwaka 1922. Andika yote mawili kwenye karatasi yako, kwamba mpagazi na mtumwa walitembea njia moja, na mtu asiwachanganye akadhani kila aliyebeba pembe alikuwa amefungwa mnyororo.

Hivi Abushiri alinyongwa pale kwenye mnara wa Wajerumani Bagamoyo ufukweni?

Hapana ndugu yangu. Abushiri bin Salim, aliyeongoza watu wa pwani kupigana na Wajerumani, alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Bagamoyo alipigana, aliushambulia mji Septemba 1888 baada ya kampuni ya Wajerumani kuja kupandisha bendera na kutaka kukusanya ushuru kana kwamba nchi ni yao, na Mei 1889 Wissmann, kamanda wa jeshi la Wajerumani, akaja kuvunja kambi yake karibu na mji. Pale ufukweni Bagamoyo Wajerumani walinyonga watu wengine na mahali pamewekwa alama, nenda ukaone na uwaombee, ila Abushiri kaburi lake usilitafute hapo.

Dada habari. Mimi nakaa Mbagala, najiuliza kila siku, Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani, ilikuwaje ikaachwa ikabaki nyuma namna ile wakati Dar ilikuwa kijiji tu?

Njema dada. Ukitaka jibu nenda soko la samaki la Bagamoyo maji yakiwa yametoka. Utaona mashua na ngarawa zimelala kwenye mchanga mbali kule, na vijana wanatembea ndani ya maji ya kiunoni wamebeba matenga kichwani kuleta samaki nchi kavu, mnada unaanza pale pale mchangani, dalali anapaza sauti, huku pembeni makarai ya mafuta yameshapata moto na vibua vinaingia vinatoka, harufu inakufuata mpaka kwenye jumba la forodha la Mjerumani lililo jirani. Pwani ile ni kina kifupi. Kwa jahazi hiyo si shida hata kidogo, jahazi linapenda pwani kama hiyo, linasubiri maji yatoke linakaa chini, watu wanapakua, maji yakijaa linaondoka. Meli ya moshi haiwezi. Ilibidi itie nanga mbali kabisa halafu mizigo ishushwe kwa mashua ndogo ndogo.

Dar ina bandari ya asili ya kina kirefu imejificha ndani, kwaiyo mwaka 1891 Wajerumani wakahamishia serikali kule. Hata hivyo hilo peke yake halikuiua Bagamoyo, misafara iliendelea kuja na ndo mana waliendelea kujenga, ile boma yao kubwa ni ya mwaka 1897. Kilichoiua ni reli. Walianza kuijenga kutoka Dar mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, ikaenda Tabora na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Sasa nani ataajiri mtu atembee miezi mitatu wakati behewa lipo? Ndani ya miaka michache kazi ya watu maelfu ikapotea, na mji uliokuwa unaishi kwa kazi hiyo ukapoteza riziki.

Mimi nakataa neno la kwamba ilikufa lakini, nimelitumia hapo juu kwa biashara ya misafara tu. Watu walibaki, wakavua, wakalima minazi, wakachemsha chumvi, wakasoma, wakazikana. Mji si serikali.

Tumsifu Yesu Kristo. Kwaya yetu inaenda kuhiji Bagamoyo mwezi ujao. Tukitoka pale kwenye mnara wa Livingstone, kitu gani kingine tusikikose?

Milele amina. Mtafika sehemu nzuri. Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuja pale mwaka 1868 wakitokea Unguja, na misheni ile ndo ikawa mlango wa Ukatoliki kwa Tanganyika yetu hii, wakanunua na kupokea watoto na watu wazima waliotoka utumwani, wakaanzisha kijiji, shule, karakana na mashamba. Tembeeni njia ya miembe mpaka makaburi ya wamisionari, muone wengi wao walikufa vijana wa miaka ishirini na kitu, homa iliwamaliza. Muone na ule mbuyu uliomeza mnyororo, inasemekana mama mmoja wa Kifaransa alikuwa anafungia punda wake hapo, mnyororo ukasahaulika na mti ukaukumbatia mpaka imebaki pingili chache nje.

Kuhusu mnara wenyewe nina ombi moja. Mkisimama pale msiishie kwa Livingstone, yule mmisionari na msafiri wa Kiingereza. Alifariki Mei 1873 huko Zambia ya leo, na watu waliokuwa nae, akina Susi na Chuma, wangeweza kumzika wakarudi makwao na hakuna ambae angewalaumu. Wao wakazika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kama mzigo wa nguo ili vijiji vya njiani visiwazuie, wakatembea zaidi ya kilomita 1,500 wakafika Bagamoyo Februari 1874. Baadhi yao walikufa njiani. Mwili ukalala misheni, ukavushwa Unguja, ukaenda kuzikwa Westminster Abbey huko London mwezi wa nne. Wao wengi walilipwa ujira wao wakaachwa pwani bila hata kualikwa mazishini. Kwenye sala zenu hapo mnarani watajeni Susi na Chuma kwa majina.

Na jambo lingine, wakati wa vita ya Abushiri maelfu ya wakazi wa mji, Waislamu kwa wingi wao, walikimbilia misheni na Abushiri hakuigusa. Ujirani ule wa msikiti na kanisa haukuanza jana.

Assalaam aleikum. Bibi yangu kila mwaka lazima aende maulidi ya Ramiya Bagamoyo, hata akiwa anaumwa miguu anataka apelekwe. Mimi nimezaliwa Dar simjui huyu sheikh. Naomba unielimishe.

Waaleikum salaam warahmatullah. Mpeleke bibi, na wewe usikae nje kwenye gari, ingia ukae nae.

Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya, asili yake ni upande wa Manyema, mashariki ya Kongo. Aliletwa Bagamoyo angali mdogo akiwa mtumwa, akawa kwenye nyumba ya Amir bin Sulaiman al-Lemki, mmoja wa wakubwa wa Kiarabu wa mji. Huko akasoma, na akaendelea kusoma mpaka akawa mwanachuoni mwenye wanafunzi wake, akapata uongozi wa tarika ya Qadiriyya, yaani njia mojawapo ya masufi wa Kiislamu. Sasa angalia pwani ya wakati ule ilivyokuwa, nasaba ndo kila kitu, watu wanaulizana wewe mtoto wa nani na babu yako alitoka wapi, mtu aliyeletwa kutoka bara hata akisilimu na kusoma anaambiwa wewe mshenzi wa juzi tu. Na kwenye zikri ya Qadiriyya mnakaa duara moja, mnashikana mikono, aliyekuwa mtumwa na aliyekuwa bwana wake wanavuta pumzi moja kwa jina la Mungu. Kwa watu waliokuwa wananyimwa hata nafasi ya mbele msikitini hiyo ilikuwa kubwa mno, wakamiminika kwake, na kwa sababu Bagamoyo ilikuwa na watu wa kila kabila la bara, tarika ikarudi nao bara kwa njia zile zile za misafara.

Waingereza walipowatoa Wajerumani, mwaka 1916 yeye ndo akafanywa liwali, yaani mtawala na hakimu wa mji, wa Bagamoyo. Hebu isome tena hiyo dada yangu. Mtu aliyeingia mji huu akiwa mali ya mtu, akaja kukaa kwenye kiti cha kuuhukumu. Alifariki 1931, mwanae Sheikh Muhammad Ramiya akashika tarika, na wakati wa kudai uhuru alikuwa upande wa TANU, jambo lililokuwa na uzito mkubwa kwa sababu murid, yaani wafuasi wa tarika, walikuwa wengi kuanzia pwani mpaka Kigoma.

Mimi nikiulizwa historia ya Bagamoyo ni ya nani, naanza na huyu kabla ya Stanley na Burton na wote waliopita wakaandika vitabu. Wao walilala siku chache wakaondoka. Huyu alikaa, akafundisha, akazikwa hapa, na bibi yako mpaka leo anapanda basi kuja kumsomea. Muulize bibi mwenyewe nani alimpeleka mara ya kwanza, na kitabu gani walisoma, na kina mama walikaa upande gani, halafu uandike, mana hayo hayapo kwenye vitabu vya Wazungu.

Mambo shangazi, nataka kusoma sanaa Bagamoyo, ni kweli chuo kipo?

Kipo, kinaitwa TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kilianza 1981 kama Chuo cha Sanaa. Ngoma, maigizo, muziki, uchoraji, uchongaji, vyote vipo. Sifa za kujiunga waulize wao wenyewe kwa mwaka husika. Nenda kwanza wakati wa tamasha lao la kila mwaka ujionee, na ukae na wachongaji wa mjini pia, wapo wanaochonga milango na hawana cheti hata kimoja.

Kaole kuna nini, mbona watu wanasema ni magofu tu?

Ni magofu ndiyo, ila magofu ya msikiti ambao msingi wake unarudi karne ya 13, na makaburi yenye nguzo ndefu za mawe ambazo zamani zilikuwa zimepambwa kwa mabakuli ya Kichina, alama za mabakuli bado unaziona. Kilomita kama 5 kusini ya mji. Mikoko imekua mbele yake kiasi kwamba bahari huioni vizuri, wakati zamani majahazi yalifika pale pale. Burton na Speke, wasafiri wa Kiingereza, mwaka 1857 safari yao ya kwenda Ziwa Tanganyika walianzia Kaole. Nenda asubuhi kabla ya jua kali.

Assalaam aleikum dada. Sisi ndugu wanne tumerithi nyumba ya mawe ya marehemu bibi yetu pale Bagamoyo mji mkongwe. Ukuta wa nyuma umeanza kumomonyoka. Fundi mmoja anasema tupige plasta ya simenti, mwingine anasema tubomoe tu tujenge ya tofali. Ushauri wako?

Waaleikum salaam. Kwanza poleni na msiba. Pili, nawaomba sana msibomoe, na simenti msiguse kabisa, na nitawaeleza kwanini.

Nyumba zile zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo. Ukuta wa namna hiyo unapumua, unyevu unapanda kutoka chini, unapita ukutani, unatoka nje kupitia chokaa na kukauka na upepo wa bahari. Ukiupiga simenti umeuziba pua. Unyevu unabaki ndani, chumvi inakusanyika, udongo unageuka tope nyuma ya plasta ambayo kwa nje bado inang'aa, na mvua za masika moja mbili tu plasta inavimba, inatengana na ukuta na kuanguka na mawe yake. Nyumba nyingi zilizoanguka kwenye mitaa ile zilipigwa simenti kwanza na watu waliokuwa na nia njema.

Anzieni juu. Fundi apande aangalie bati na mifereji, mana maji ya juu ndo adui wa kwanza, ukuta wa chokaa ukiwa na kofia nzuri na viatu vizuri unakaa miaka mingi sana. Halafu angalieni boriti, zile ni za mikoko, ncha zilizoingia ukutani ndo zinazoanza kuoza na kuliwa na mchwa, gonga kwa nyundo usikie kama ni tupu. Boriti hizo ndo zilizofanya vyumba viwe virefu na vyembamba, mana mkoko hauendi mbali kabla haujapinda, kwaiyo msije mkakubali fundi avunje ukuta wa kati eti apate sebule kubwa, dari lote litawashukia. Kama kuna mche wa mtini umeota ukutani ng'oeni na mizizi yake mapema. Baada ya hapo bandueni simenti yoyote ya zamani, jazieni mawe yaliyotoka, pigeni lipu ya chokaa na mchanga usio wa baharini. Chokaa ilowekwe muda mrefu, wiki kadhaa na zaidi, ya kuchanganya leo kupiga leo haishiki.

Kabla ya kuanza nendeni ofisi ya Mambo ya Kale pale Bagamoyo na halmashauri, mana mji mkongwe uko chini ya sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964 na kubomoa bila kibali mtaingia matatizoni. Waombeni wawaelekeze kwa mafundi wanaojua chokaa, bado wapo wazee na vijana waliofundishwa, na wengine wapo Unguja. Mlango wa bibi kama ni wa nakshi msimuuzie mtu yeyote atakaekuja na hela ya haraka, wanunuzi wa milango wanazunguka sana na wanajua wapi pana mirathi haijaisha.

Na hiyo mirathi imalizeni. Ndugu wanne bila hati kila mmoja atasubiri mwenzie atoe hela ya bati, na mvua haisubiri. Fungueni mirathi mahakama ya mwanzo, chagueni msimamizi mmoja, andikishaneni nani anatoa nini, na kazi ya paa ianze kabla ya mwezi wa tatu.